Kuskusi na Makopo ya Mama Pua

Asubuhi ile magunia ya kuskusi yaliposhushwa mlangoni mwa jiko la hospitali, Mama Pua alikuwa katika siku ya kumi na tisa hasikii harufu ya kitu chochote, na hapakuwa na mtu aliyejua. Mafua yalimjia kama yanavyomjia kila mtu, yakakaa siku chache, yakaaga. Lakini yalipoondoka yalibeba na harufu zote za dunia, kama mpangaji anayehama na balbu za mwenye nyumba.

Lililomchoma zaidi ni jina lenyewe. Mama Pua hakuzaliwa nalo. Alibandikwa na manesi miaka mingi nyuma, siku aliposimama mlangoni akasema maziwa ya wodi ya watoto yameanza kugeuka, wakati ndoo bado imefunikwa. Walipofunua, kweli. Tangu hapo akawa Mama Pua kwa kila mtu, hata kwa madaktari wanaokuja mwaka mmoja na kuondoka. Pua hiyo ilijua vitunguu vimefika kabla jicho halijaona. Ilijua mafuta yamechoka. Ilijua nani kavuta sigara nyuma ya stoo, na ikamwambia.

Kwa ajili ya pua hiyo, jiko lilikuwa na jambo ambalo mgeni angeliita wazimu. Kwenye rafu ya viungo yalipangwa makopo kumi na moja, yote ya aina moja, yaliyowahi kuwa ya maziwa ya unga, na hakuna hata moja lililoandikwa kitu. Aandike ya nini? Alikuwa anafungua kifuniko, anapitisha pua, anajua. Wengine wote walikatazwa kugusa rafu ile. Anayetaka kiungo, amwombe yeye.

Sasa pua ilikuwa imekufa na ulimi umebaki na maneno machache tu: chumvi, sukari, ndimu, uchungu. Basi. Nyama na mbao vilikuwa mamoja. Lakini kwa siku kumi na nane alikuwa amepona, kwa sababu wali na maharage na supu alivipika kwa mkono, na mkono una kumbukumbu zake. Kila adhuhuri, kabla chakula hakijaenda wodini, aliweka kijiko mdomoni mbele ya watu, akafumba macho kidogo kama ilivyokuwa desturi yake, kisha akaweka sahihi kwenye daftari la kuonja. Daftari hilo lilining'inia kwa kamba karibu na mlango, na kila sahihi maana yake ilikuwa moja: mpishi mkuu ameonja, chakula ni kizuri, wagonjwa wale.

Halafu ikaja kuskusi.

Ilikuja kwa sababu mchele haukuja. Bwana Stoo, mtunza ghala, alieleza kwamba mletaji wa mchele ameshindwa, na ofisi imepata kuskusi ya kutosha miezi mitatu. Mama Pua alichota kiganja, akatazama zile punje za manjano, ndogo kama mchanga wa kuchujwa, akauliza ni kitu gani hiki. Bwana Stoo akasema ni ngano tu, imeviringishwa punje punje, watu wanakula na kufurahi. Alipoulizwa wanakula na nini, akasema hilo ni swali la mpishi, yeye ni mtu wa magunia.

Jumatatu hiyo Mama Pua alifanya lile ambalo mtu aliyepika wali miaka ishirini na miwili lazima alifanye. Aliiosha. Aliisugua ndani ya maji kama mchele, akamwaga maji, nusu ya punje zikaenda na maji, nusu nyingine zikaanza kuvimba mkononi mwake kama zimekasirika. Akazitia katika sufuria kubwa yenye maji yanayochemka, akafunika, akasubiri muda wa wali. Alipofunua alikuta kitu cha kubandikia matangazo ukutani. Akaonja. Chumvi ipo. Akaweka sahihi.

Saa nane mchana sahani zilianza kurudi kwenye dirisha la vyombo, na nyuma ya dirisha hilo alikuwepo Bwana Povu. Huyu alikuwa mwosha vyombo, mzee mwembamba wa maneno mengi, rafiki wa zamani wa marehemu mume wa Mama Pua. Kwa urafiki huo alijipa haki ya kumwita shemeji na kumsema anavyotaka.

"Shemeji," alisema, huku akikwaruza sahani kwa kijiko, "hizi siziwezi kuziosha. Hizi natakiwa nizibandue."

Mama Pua akamwambia abandue kimya kimya.

Matroni alikuja kabla sahani hazijaisha. Alikuwa mdogo kwa Mama Pua kwa miaka kumi na tano, na alikuwa na adabu zake: alimwamkia kwanza shikamoo, akangoja marahaba, ndipo akamgombeza. Wagonjwa hawakula. Mama mmoja aliyejifungua asubuhi alikula biskuti za mgeni wa kitanda cha jirani. Daktari wa zamu alitaka kujua kama kile ni chakula au ni plasta ya kufungia mifupa. Mama Pua alisikiliza huku anafuta meza ambayo ilikuwa imeshafutwa.

"Mpaka Ijumaa, mama," Matroni alisema mwishoni, na sauti yake ilipungua badala ya kupanda, jambo lililokuwa baya zaidi. "Sahani zikirudi hivi Ijumaa, ofisi italeta mpishi mkuu mwenye cheti. Wewe utabaki kukata mboga. Sitaki, lakini ndivyo walivyosema."

Basi Mama Pua akarudi nyumbani na kuskusi kidogo katika mfuko, amekunja uso kama aliyebebeshwa mtoto wa mtu.

Nyumbani walikuwa wawili wakimngoja: binti yake, aliyekuja kwake kujifungua na bado hajarejea kwa mumewe, na mjukuu wa miezi minane, ambaye Mama Pua alimwita mke mwenza. Alimpokea mke mwenza wake, akampakata, akaanza kumsimulia habari za Bwana Stoo na magunia yake. Alisimulia kwa kirefu. Binti alikuwa anakunja nguo upande wa pili wa chumba, akawa anamtazama mama yake, anamtazama mtoto, anamtazama tena mama yake. Alikuwa mtu wa kuona mambo kabla ya kuyasema. Mwishowe akaweka nguo chini, akaja, akamchukua mtoto taratibu.

"Mama, huyu kajisaidia. Muda mrefu sasa. Mimi nimesikia kutoka kule dirishani." Alimlaza mtoto, akaanza kumfungua nepi, na bila kuinua macho akauliza, "Tangu lini?"

"Tangu lini nini?"

"Tangu lini husikii harufu?"

Mama Pua alisogea karibu. Akatazama nepi, ambayo kwa macho tu ilikuwa inatosha kuhamisha nyumba, na kwa pua yake haikuwa na neno. Machozi yalimlenga kwa hasira. Akasema tangu mafua. Akasema pia kwamba akimsikia binti huyo akimwambia mtu, atamrudisha kwa mumewe kesho na mtoto mgongoni. Binti akasema haya, akaendelea kumfuta mtoto.

Binti hakumwambia mama yake aende akaseme ukweli. Alijua asingesikilizwa. Alichofanya ni kuiomba ile kuskusi. Jiko lao moja lilikuwa na maziwa ya mtoto juu yake, kwa hiyo aliweka punje kwenye bakuli, akamimina maji moto kutoka kwenye chupa ya chai, akafunika kwa kisosi, akaenda kumvika mtoto. Aliporudi akachambua kwa uma. Punje zilisimama moja moja, nyepesi. Akatia siagi kidogo, akamlisha mtoto kwa ncha ya kidole, na mtoto akafungua mdomo tena.

Mama Pua alitazama bakuli lile kwa uchungu. Asubuhi nzima ameosha, amechemsha, amekoroga kwa mikono miwili, na kumbe kitu kilikuwa kinataka kumwagiwa maji na kuachwa peke yake.

"Hiki hakina ladha yake, mama," binti alisema, akionja. "Kinangoja kupewa."

"Kipewe na nani? Na mimi?"

Binti akachovya kidole tena, akamlisha mtoto.

Jumanne kuskusi ilitoka vizuri, punje moja moja, na Mama Pua akaipakua pembeni ya maharage kama wali. Alipoonja ilikuwa kama kutafuna ukimya. Akaweka sahihi. Kisha alifanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya: chakula kilipoisha kwenda wodini hakukaa chini na chai yake, alikwenda kusimama kwenye dirisha la vyombo karibu na Bwana Povu. Alikuwa amewaza usiku kucha kitandani. Ulimi wake umekufa nusu, lakini hospitali ina ndimi mia mbili na kumi, na kila ulimi unarudisha sahani.

Sahani zikaja, akazisoma. Maharage yameliwa, kuskusi imebaki kilima. Wodi ya wanaume, kilima. Wodi ya wazazi, kilima kilichotobolewa kidogo pale mchuzi ulipogusa. Hapo akainama.

"Unatafuta pete?" Bwana Povu aliuliza.

"Wamekula palipolowa tu."

"Hata mimi ningekula palipolowa. Kwingine ni kama kulamba ukuta."

Jumatano, basi, hakuimwagia maji. Aliimwagia supu ya kuku iliyochemka, akafunika, akaichambua kwa uma kubwa na siagi. Pembeni aliweka samaki, kipande cha ndimu, na majani ya giligilani juu yake, kwa sababu aliyaona sokoni yamependeza na macho yalikuwa ndiyo yamebaki na kazi. Saa nane alisimama tena dirishani. Kuskusi ilikuwa imeliwa zaidi ya nusu. Ndimu za wodi ya wazazi zilirudi zimenyonywa mpaka nyeupe, na pale zilipokamuliwa hapakubaki punje. Lakini wanaume walikuwa wameyatoa majani ya giligilani jani moja moja na kuyapanga ukingoni mwa sahani kama kope za jicho. Sahani ishirini na nane, zote zikimtazama.

Bwana Povu alisema huo ni ujumbe. Mama Pua akasema anauona, asimfafanulie.

Lakini moyo ulikuwa umeanza kumrudi. Ndimu wanaitaka. Supu wanaitaka. Majani yakatwe madogo wasiyaone. Alhamisi akaamka na wazo kubwa zaidi. Alikaanga vitunguu pole pole mpaka vikawa rangi ya chai nzito. Hilo alilijua kwa macho na kwa sauti ya mafuta. Akatia karoti, akatia dengu zile nene za mviringo zilizolala majini tangu jana, akaongeza zabibu kavu kidogo ambazo Bwana Stoo aliziweka kwa ajili ya uji wa watoto na kuzitoa kwa manung'uniko. Kilichobaki ni bizari nyembamba. Mkono wake ulikwenda wenyewe kwenye rafu, safu ya pili, kopo la tatu kutoka kushoto, mahali lilipokaa miaka yote. Akafungua. Unga wa kahawia. Akatia vijiko vinne.

Siku hiyo sahani zilirudi tupu.

Zilirudi zimefutwa. Moja ya wodi ya wanaume ilikuwa na alama ya kidole iliyozunguka ukingo mzima. Nesi wa wodi ya wazazi alikuja mwenyewe kuuliza kama kuna ukoko uliobaki, akaambiwa kuskusi haina ukoko, akasema basi hata kilichoshika mwiko. Mama Pua alisimama katikati ya jiko, amekumbatia upawa, na kwa mara ya kwanza tangu mafua alitabasamu.

Matroni naye alikuja, shikamoo yake ikiwa na kicheko ndani. Alisema hospitali mbili nyingine zimeletewa kuskusi hiyo hiyo na wapishi wao wakuu wanakaribia kulia. Kesho atawaleta. Mama Pua apike kama leo, awaeleze kila kinachoingia, na aonje mbele yao awafundishe kuonja. "Unifundishie pua zao," alisema, akaondoka.

Furaha ya Mama Pua haikumaliza hata nusu saa. Alikwenda kwenye rafu kuangalia bizari inatosha kiasi gani kwa kesho, akafungua kopo la tatu, akaona unga wa kahawia. Kwa sababu ambayo hakuijua mwenyewe akafungua na la nne. Unga wa kahawia. Akafungua la tano: karafuu, hizo zina umbo, hazina shida. Akarudi kwenye mawili yale. Moja lilikuwa jekundu kidogo kuliko lingine, au ni taa. Bizari nyembamba na mdalasini. Moja ndiyo iliyokuwa ndani ya chakula cha leo. Lakini la tatu lilikuwa limekaa la tatu siku zote, sivyo?

Aligeuka akamwuliza mkata mboga, mwanamke mpole aliyekuwa anaosha kibao, kama kuna mtu aliyegusa rafu.

Mkata mboga akasema hakuna aliyegusa. Ila juzi aliifuta tu, maana zile kuskusi zilitoa vumbi likajaa kila mahali, akayashusha makopo yote akayafuta na kuyarudisha. Hakufungua hata moja. Yanafanana sana, akaongeza, sijui mama unayajuaje.

Mama Pua alikuwa na maneno ya kumwambia mwanamke huyo ambayo yangebabua rangi ya ukuta. Lakini angeyasema, ingebidi aeleze kwa nini mpishi anayeitwa Pua ameshindwa kunusa makopo yake mwenyewe. Alimwambia amefanya vizuri kufuta.

Alingoja watu waondoke. Alitia kidole katika kopo la tatu, akalamba: uchungu kwa mbali, vumbi. Katika la nne: vumbi, uchungu kwa mbali. Akanusa kwa nguvu mpaka unga ukampanda puani, akapiga chafya sita, na katika chafya zote sita hapakuwa na habari yoyote.

"Shemeji," sauti ilisema kwenye dirisha la vyombo, "umemaliza kujitesa, au niendelee kutazama?"

Bwana Povu alikuwa hajaondoka. Alikuwa ameegemea dirisha, taulo begani.

"Nenda nyumbani."

"Siku ile kitambaa kilishika moto pembeni ya kiwiko chako na wewe unahesabu karoti, nani alikizima? Nilijua tangu siku hiyo. Nilingoja useme. Nimengoja mpaka nimezeeka upya."

Mama Pua alikaa juu ya gunia. Alikuwa amechoka kuficha kuliko alivyochoka kupika. Alinyoosha tu makopo mawili, moja kila mkono, kama mtu anayetoa silaha.

Bwana Povu alikausha mikono vizuri, akaja, akainama juu ya la tatu. Uso wake ukalegea. "Hii ni chai ya mama yangu, asubuhi za baridi. Mdalasini huu." Akanusa la nne, akarudi nyuma. "Na hii ni kwapa."

"Ni bizari nyembamba."

"Sijui jina lake. Mimi nakupa habari."

Kwa hiyo ulikuwa mdalasini. Mdalasini, na vitunguu vya kahawia, na zabibu, na dengu. Asingewahi kuviweka pamoja kwa akili timamu. Alikasirika kwamba kosa lake limepika vizuri kuliko yeye. Bwana Povu akampa mpango wa kesho: yeye atasimama sinki, kila kijiko kinachopita atakionja kwa siri, kisha atampa ishara. Akikohoa mara moja, chumvi. Mara mbili, ndimu. Mara tatu, mdalasini. Mama Pua alisema huo ni upuuzi wa watoto wa shule. Baada ya muda akauliza, mara tatu ni nini?

Ijumaa wageni walifika wamevaa kofia nyeupe. Mmoja alikuwa mwanamume mnene mwenye macho ya uchovu, mwingine mwanamke mrefu aliyekuja na daftari lake. Mama Pua aliwaonyesha. Msioshe, aliwaambia, hata roho ikiwasukuma. Supu ichemke, mimina, funika, iacheni ipumue, kisha uma na siagi. Vitunguu mviache mpaka vikome kupiga kelele. Dengu na karoti kwa tumbo, zabibu chache kwa utamu, ndimu ikamuliwe mwisho kabisa. Mdalasini ncha ya kijiko tu kwa sufuria ndogo, maana ukizidi wanaume watadhani wameletewa chai. Yule mrefu aliandika kila neno. Yule mnene alitikisa kichwa na kumeza mate. Ilikuwa inakwenda vizuri mno.

"Sasa onja, mama," Matroni akasema, akimkabidhi kijiko. "Watazame anavyofanya. Tuambie leo kimepungua nini."

Mama Pua alichota, akatia mdomoni, akafumba macho, akategea sikio kuelekea sinki.

Bwana Povu alikohoa mara moja. Kisha mara mbili. Mama Pua akangoja. Nne. Tano. Mvuke wa vitunguu ulikuwa umemwingia mzee kooni kweli, na sasa alikuwa ameshika ukingo wa sinki, anakohoa na kupunga mkono kwamba hii siyo, hii siyo. Saba. Nane. Mkata mboga alikimbia na maji. Wageni waligeuka kutazama. Mama Pua alibaki na kijiko mdomoni, macho yamefumba, anahesabu kikohozi cha mtu mzima ili ajue chakula chake mwenyewe kina nini, na hapo kitu kilimkatikia ndani.

Alitoa kijiko, akakiweka mezani.

"Sijui kimepungua nini," alisema. "Sisikii harufu. Leo siku ya ishirini na tatu. Pua imekufa, na ulimi umebaki na chumvi na ndimu. Nilikuwa naogopa."

Hata kikohozi kilikoma. Matroni akaenda mlangoni, akalivuta daftari la kuonja kwa kamba yake, akaanza kurudisha kurasa. Alihesabu kwa kidole, akiruka Jumapili, ambazo Mama Pua huwa haji.

"Kumi na tisa," alisema. "Mara kumi na tisa umeniandikia umeonja, mama. Wagonjwa hawa. Kingekuwa kimeharibika je?"

Mama Pua alitaka kujitetea kwa chumvi aliyoisikia, akaacha, maana mwaka wa yale maziwa ya watoto ulimjia akilini, na akajua kwamba leo yangepita.

Yule mgeni mnene ndiye aliyesema kwanza, mdomo umejaa. Aliuliza kama hivi vilivyoliwa jana alivipika huyu huyu. Akaambiwa ndiyo. Bila pua? Bwana Povu, sauti imekauka, akajibu kutoka sinki kwamba ni kwa sahani. Akaeleza jinsi shemeji yake anavyosimama dirishani kila saa nane, anasoma mabaki kama barua, jani kwa jani, ndimu kwa ndimu. Yule mrefu akafungua ukurasa mpya akaliandika na hilo.

Matroni alikaa juu ya gunia la kuskusi, akashika kichwa. Aliposimama, alimnyang'anya Mama Pua kalamu iliyokuwa imechomekwa kwenye kilemba chake, na wote wakadhani upawa unafuata.

"Upawa baki nao," alisema. "Kalamu, hapana. Jumatatu unakwenda kwa daktari wa pua, na safari hii utamwambia ukweli. Na haya makopo yako ya uchawi yaandikwe leo. Leo, mama, siyo kesho." Akageuka, akamtazama mzee aliyekuwa anafuta machozi ya kikohozi. "Na wewe, una mdomo mzima. Utaonja wewe, utaweka sahihi wewe."

Makopo yaliandikwa jioni hiyo. Binti alikuja na mtoto mgongoni, akakata vipande vya plasta ya wodini, akaandika kwa herufi zake za mviringo huku Bwana Povu akinusa na kutangaza. Walifika kopo la kumi na moja, lenye mbegu ndogo nyeusi, mzee akanusa mara tano na kukiri hakijui kiungo hicho. Mama Pua naye hakukumbuka alikinunua lini. Binti akaandika, Hakijulikani, akalibandika.

Daktari alisema pua inaweza kurudi, inaweza kuchelewa, na hakusema zaidi. Jumanne Mama Pua alipika kuskusi na boga na nanaa, akaikamulia ndimu. Bwana Povu alikuja mezani na shati lililopigwa pasi, kijiko chake mwenyewe mfukoni. Alionja, akafumba macho vile vile alivyokuwa akifumba yeye, akayafumba kwa muda mrefu kupita kiasi, huku mkata mboga akiuma mdomo asicheke.

"Ndimu imezidi, shemeji."

"Haijazidi. Ndimu naisikia."

"Imezidi kidogo."

"Kidogo kiasi gani?"

"Kiasi cha mimi kuandika," alisema, akaifungua kalamu kwa mikono yake yenye maji, akalowesha ukurasa, na kuanza kuandika herufi moja baada ya nyingine, bila haraka yoyote, wakati sahani mia mbili na kumi zimepangwa mlangoni zinapoa. Mama Pua alisimama nyuma yake ameshika upawa, anavuta pumzi kwa pua isiyomwambia kitu, akingoja mwanamume huyo amalize jina lake.